Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Picha

Jumatatu, 5 Mei 2008

Mvua tangu asubuhi. Dada yangu Sally alifariki Alhamisi, na leo nimepata cheo.

Kamati ya mazishi ilikutana hapa kwetu Langalanga. Chumba kimoja, watu kumi na kitu, wengine wamekaa kwenye kitanda cha Sally. Kazi ziligawanywa: gari, hema, chakula, jeneza. Ilipofika kazi ya picha, watu wakatazama viatu vyao. Kila mtu anaijua shida yenyewe. Albamu iliteketea na nyumba yetu ya Molo mwezi wa Januari, pamoja na picha za ukutani. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini Ijumaa, ndipo kibali cha kuzika kikatolewa, na hakuna aliyekumbuka kutoa nakala kwanza. Aliyekirudisha ni mimi. Sikuona haja ya kulitaja hilo mbele ya wageni.

Kimebaki kitu kimoja: flashi. Siku tuliyokimbia, Sally aliitoa Molo ikiwa shingoni mwake, kwa kamba ya kijani. Viatu hakubeba. Picha zake zote zimo humo, za Krismasi, za chuo cha ualimu wa chekechea, za kila Jumapili. Nilisimama nikasema suala hili linahitaji kamati ndogo. Nikapendekeza mwenyekiti. Nikamuunga mkono. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa chai ilikuwa ndiyo inaingia.

Kemboi alikuwepo. Huyu ndiye aliyekuwa amuoe Sally. Ni fundi wa kompyuta kwenye shamba la maua huko Naivasha, na huzungumza polepole kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Harusi ilikuwa iwe Februari. Januari ikaja na fujo zake za uchaguzi, watu wakaanza kuulizana jina la pili, lile la kabila, harusi ikawekwa kando. Leo ameniita shemeji. Nimemwambia bado hatujafika hapo. Akaomba aitazame flashi kabla hajarudi kazini. Nikamjibu kwamba kuna utaratibu, kuna kamati.

Halafu nina cheti cha kompyuta. Kozi ilikuwa ya wiki tatu, nikakosa mbili kwa malaria, lakini cheti chenyewe ni kizima na kina muhuri.

Jioni nilienda saiba ya Anyango, kibanda cha kompyuta na mtandao hapo chini. Nikachomeka. Ikatokea folda moja ya manjano, jina lake "Sally". Nilipoliona jina hilo nililisoma kwa sauti. Kisha nikabofya. Hakuna kitu. Nikabofya tena. Hakuna! Anyango alichungulia juu ya bega langu akasema pembeni pameandikwa kwamba hiyo si folda, ni programu, na yeye haipendi sura yake. Nilimshauri ahudumie wateja wake.


Jumanne, 6 Mei

Mama hajala. Anasema akifumba macho anamuona Sally wa hospitalini tu, yule wa mwisho, midomo imekauka. Yule mwingine, wa kucheka, amempotea. Ameniuliza kama ni kawaida mama kusahau uso wa mtoto wake kwa siku chache hivi. Nimemwambia ni uchovu. Nikatoka nikasimama nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Picha anayoitaka ni moja. Sally jikoni Molo, ameshika mwiko, anacheka mpaka pengo la meno linaonekana. Aliyeipiga ni Kemboi, na simu iliyokuwa na nakala yake aliporwa barabarani Januari. Kwa hiyo ni flashi tu. Mama anataka picha hiyo itangulie mbele ya jeneza, ili watu wa Molo wamuone alivyokuwa. Nafikiri anataka kumuona yeye mwenyewe.

Nilimpigia Kemboi. Sikupiga kuomba msaada. Nilipiga kumjulisha maendeleo. Nilipomweleza, akaniomba nisiibofye tena kabisa. Akauliza kama mwisho wa jina kuna mkia wa "exe". Folda haina mkia huo. Kitu chenye mkia huo ni programu, na ukikibofya hukifungui ukakitazama, unakiamuru kifanye kazi usiyoijua. Kuna virusi siku hizi, alisema, vinatembea kwa flashi. Vinaificha folda ya kweli, vinavaa jina lake na rangi yake, vinakaa mahali pake vikingoja kubofywa. Akasema nitazame ukubwa wake: picha mia mbili haziwezi kuwa nyepesi kuliko picha moja. Nisiichomeke popote mpaka aje Ijumaa. Na kama lazima niichunguze, basi iwe kwenye kompyuta iliyotolewa kwenye mtandao, isiyo na kitu cha maana ndani, ambayo hata ikifa hakuna atakayelia.

Nimeyatafakari maneno hayo vizuri. Kompyuta ambayo ikifa sitalia. Yaani kompyuta yoyote isiyo yangu! Na kwa kuwa sina kompyuta, uwanja ni mpana.

Nilirudi kwa Anyango alipokuwa ametoka kununua maandazi. Kuhusu mtandao, nilichomoa waya niliouona kwanza. Ulikuwa wa printa. Nikabofya, na safari hii nikabofya kwa nguvu, kwa sababu vitu vingine vinahitaji kuona kwamba huogopi. Kompyuta ilijizima ikajiwasha yenyewe. Ya pili yake ikafuata. Kufikia saa kumi, kila folda katika saiba nzima ilikuwa imegoma kufunguka. Msichana mmoja aliyekuwa akiandika barua ya kuomba kazi alianza kulia. Anyango alisimama katikati ya chumba, mkono kichwani. "Micah, umeniulia mashini zote. Zote! Sasa mimi nile nini?"

Nilimpa pole. Nikamkumbusha kwamba tuna msiba. Akasema anajua, ndiyo maana hajaita mtu.


Jumatano, 7 Mei

Nimelala vibaya. Nimeota Sally ananifundisha tena kutumia kipanya, kama alivyofanya mwaka juzi, mkono wake juu ya wangu. Alikuwa akicheka kwamba namshika panya kama nataka kumnyonga. Nilipoamka kamba ya kijani ilikuwa imenibana shingo.

Sasa nazungumza kama mtu wa mipango. Kosa la jana lilikuwa mtandao. Kemboi alisema kompyuta isiyo kwenye mtandao, na ninajua moja: iliyo ofisini kwa mchungaji. Haijawahi kuonja mtandao tangu iletwe. Halafu iko kanisani. Kama kuna mahali pa usalama kuliko hapo, sijapaona.

Mchungaji alinipokea kwa huruma sana. Alinishika mkono, akauliza habari za Mama, akaomba. Nikamwambia nahitaji dakika chache kwenye kompyuta kwa ajili ya marehemu. Akaniachia ofisi yote akaenda kuwaona wagonjwa. Mtu mwema.

Nilikagua ukubwa kama nilivyoelekezwa. Ni kweli, "Sally" ni kitu kidogo mno. Hakitoshi hata picha moja ya uso. Nilitazama namba hiyo nikapata uchungu nisioutegemea. Dada yangu, miaka ishirini na saba, halafu unaambiwa ni kadogo hivyo! Nikakataa. Nikafikiri: huenda picha zimekunjwa, kama nguo kwenye sanduku, na zinahitaji kusukumwa kidogo ndipo zikunjuke. Nikabofya.

Nikangoja. Nikabofya na kuomba kwa pamoja.

Folda ya mahubiri ikaacha kufunguka. Folda ya kwaya ikaacha. Rejista ya ubatizo, ambayo katibu ameiandika tangu mwaka uliopita, ikaacha. Nilizima kila kitu, nikafunika kompyuta kwa kile kitambaa chake cha kufuma, nikakiweka sawasawa. Nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kemboi amepiga jioni. Ameniuliza kama flashi imetulia. Nimemwambia imetulia kabisa, iko kifuani mwangu. Akaniambia asante. Kisha akasema hata yeye anaitaka ile ya mwiko. Nikasingizia chaji nikakata simu.


Alhamisi, 8 Mei

Siku kubwa. Naandika kila kitu ili baadaye ijulikane nani alifanya nini.

Asubuhi nilienda studio ya Mzee Lalit mjini. Yeye ndiye anayechapisha kijitabu cha mazishi na kukuza picha ya kwenye fremu. Lalit alimjua Sally. Watoto wa chekechea yake walipigwa picha pale kila Desemba. Ametupa fremu nzuri ya mbao, hakutaka kitu. Kijitabu kilikuwa tayari kasoro picha. Pale juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na nafasi nyeupe, na chini yake jina lake.

Lalit hachezi. Ukutani kuna tangazo kwamba flashi ya mteja haiingii kabla ya kupimwa. Aliipima mwenyewe kwa dawa yake ya virusi, nayo ikapiga kelele, dirisha jekundu likajaa kioo kizima. Ikauliza kama iondoe. Akaondoa. Ile "Sally" ya uongo ikafutika. Nilipiga makofi. Kisha tukafungua flashi.

Tupu! Hakuna kitu ndani.

Lalit alikuna kidevu. Akanionyesha lile duara la kupima nafasi. Sehemu ya buluu ni iliyotumika, ya waridi ni iliyo wazi. Robo tatu ilikuwa buluu. Akasema ajabu, flashi tupu lakini imejaa. "Wewe ngoja hapo. Usiguse. Mimi napigia ule fundi yenu simu." Akaenda kwenye kaunta.

Nilikaa mbele ya ile buluu. Nikawaza. Kemboi mwenyewe alisema virusi vinaficha vitu. Sasa kama dawa imeondoa kimoja, na bado kuna kitu kikubwa kimejificha humo, robo tatu nzima, hicho ni nini kama si baba yao? Nilimuona kabisa, amejilaza, anangoja Lalit ageuke. Nikafikiria Mama anayemuona Sally wa hospitalini tu. Nikafikiria pia, sitaficha, Kemboi akija kesho kufanya kwa dakika mbili kazi ambayo kamati imeihangaikia wiki nzima, na Mama akimwambia asante mwanangu.

Kozini nilihudhuria somo moja vizuri: namna ya kusafisha diski yote. Kulikuwa na njia ndefu na njia ya haraka. Nilichagua ya haraka, Lalit alikuwa anakaribia kumaliza. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, kwamba kila kilichomo kitafutika. Nina hakika! Mwenyekiti asiye na hakika ni wa kazi gani?

Buluu ikatoweka. Duara lote likawa waridi, zuri, safi. Nikapiga kelele ya ushindi. Lalit akaja mbio na simu sikioni. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akamwambia Kemboi polepole kwamba amechelewa. Sikumuelewa. Nilimuuliza mbona picha hazijarudi sasa kwa kuwa adui ametoka. Alivua miwani akakaa.


Ijumaa, 9 Mei

Nimeelewa.

Kemboi alifika asubuhi, tukaenda pamoja mochari kumvisha Sally. Shangazi zetu walimvisha gauni la buluu na kitambaa cha kichwa. Sisi tulikaa nje kwenye benchi. Ndipo akanieleza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Virusi haviwezi kujaza robo tatu ya flashi. Folda ya kweli ilikuwa bado humo, nzima, imefichwa tu. Ilikuwa ni kuiambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, basi, ungeona picha zote. "Hiyo buluu yote ndiyo ilikuwa Sally," akasema.

Nililia pale benchi kama mtoto. Sikuwa nimelia tangu Alhamisi ile aliyofariki. Nilikuwa na kazi nyingi. Kemboi aliniwekea mkono begani, nami nikauacha ukae, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuuondoa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu si langu. Guu ni la Mama.

Nilimwambia Mama mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu hitilafu za umeme, nikayaacha. Nikasema tu kwamba picha hazipo. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza kama fremu bado ipo. Nikasema ipo. Akasema basi tuibebe hivyo hivyo.

Mzee Lalit ametuma karatasi nyeupe nene yenye jina la Sally kwa herufi nzuri za dhahabu, ya kutia ndani ya fremu. Imeandikwa kwa mkono. Sikujua kwamba anaandika vizuri namna hiyo.


Jumamosi, 10 Mei

Tumemzika Molo. Baridi, ukungu, matope mpaka kwenye vifundo.

Hatukuwa tumerudi tangu Januari. Nyumba ni kuta nne zilizobaki nusu, na nyasi zimeota palipokuwa sebule. Jikoni, alikopigiwa ile picha, hakuna hata ukuta. Mama alipita pale bila kugeuza kichwa. Alikuwa amebeba fremu kifuani, ile yenye karatasi ya jina.

Majirani walikuja. Wengine walisimama karibu, wengine ng'ambo ya ua, na hakuna aliyejua kama aje au akae huko. Mchungaji alihubiri bila karatasi, kwa sababu ninazozijua. Watoto walioletwa na mama zao waliuliza kwa sauti ni nani anayezikwa. Mama mmoja akamwonyesha mwanawe fremu, na mtoto akasema hapo hapana mtu.

Hilo lilinichoma kuliko mahubiri yote. Ndugu yangu yeyote akiusoma ukurasa huu ajue kwamba nilitaka kuingia kaburini mimi.

Ulipofika wakati wa familia kutupa udongo, Kemboi alibaki nyuma na wageni. Alijua jina lake la pili, na alijua watu wanalijua. Mama alisimamisha kila kitu. Akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyomsikia akitumia wiki yote: "Kemboi, mwanangu, kuja hapa kwa watu wako." Akaja. Alitupa udongo kwa mkono, siyo kwa sepetu. Sikuona wivu. Nimeona kidogo tu, baadaye, kwenye chakula, alipopewa paja la kuku.

Palikuwa na mpiga picha wa mazishi, mtu wa Molo, na kamera ya kisasa. Alipiga kila kitu, hata jeneza likiwa wazi. Kwa cheo changu nilimpanga mwenyewe mahali pa kusimama.


Jumapili, 11 Mei

Jamani! Matumaini!

Kemboi alilala kwa rafiki yake Milimani, akaja asubuhi kumwamkia Mama. Akaniuliza jambo moja: nilipoisafisha flashi, nilichagua njia ndefu au ya haraka. Nikasema ya haraka, Lalit alikuwa anarudi. Akaniomba nirudie. Ya haraka! Akashika kichwa, akacheka, kisha macho yakamjaa machozi.

Alimweleza Mama kwa lugha ya wakulima wa Molo. Njia ya haraka ni kama mtu aliyekata majani ya viazi tu. Ukitazama shamba unaona udongo mtupu, unadhani hakuna kitu, lakini viazi bado viko chini. Ana programu huko kazini Naivasha inayoweza kuvichimbua, na amewahi kuitumia mara nyingi. Picha zaweza kutoka zote, au karibu zote. Sharti ni moja: asilime mtu juu yake. Kitu kipya kikiingia kwenye flashi, hata kidogo, kinakaa mahali palepale picha zilipolala, na hapo hakuna programu duniani itakayozirudisha.

Mama alimshika mikono yote miwili. Akauliza hata ile ya mwiko? Akasema hata ile ya mwiko, Mungu akipenda.

Kemboi aliiomba flashi aende nayo. Hapo desturi ikasimama mlangoni. Kwetu kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla watu hawajanyolewa na vitu vyake kugawanywa, na hiyo ni kesho. Nguo, viatu, kikombe, vyote vimekaa. Shangazi walisema flashi nayo ni kitu chake, aliivaa. Kemboi hakubishana. Akasema basi kesho saa tisa atakuja na kompyuta yake ya mkononi, afanye hapa hapa, mbele ya Mama. Akanigeukia akaniomba niilinde, nisiichomeke popote. Nikamuapia. Nikamwita shemeji, na nilikuwa namaanisha.

Mama amekula. Sahani nzima ya ugali na mboga. Amesema usiku huu atajaribu kulala bila kufumba macho kwa nguvu.


Jumatatu, 12 Mei

Saa nane na nusu mchana. Naandika haraka, Kemboi yuko njiani.

Tumenyolewa asubuhi. Kichwa changu kina sura ambayo sikuitarajia. Shangazi wamegawa nguo. Mama amechukua kikombe chake, basi.

Sasa jambo muhimu. Baada ya kunyolewa nilikaa nikajichunguza kama mtu mzima. Wiki nzima makosa yangu yalitokana na kitu kimoja: kubofya nisichokijua. Nimekubali. Nimebadilika. Sitabofya tena kitu chenye mkia wa exe maishani mwangu, hata kikija na jina langu. Ninaliandika hapa kama ushahidi.

Yule mpiga picha wa Molo alituma CD na dereva wa lori la kabeji. Picha zote za mazishi, zaidi ya mia tatu, safi ajabu. Nikaitazama CD, nikaitazama flashi. Aibu ikanishika. Kemboi anatoka Naivasha na mitambo yake, ameomba ruhusa kazini, anakuja kukabidhiwa kitu kitupu. Tupu kabisa! Mbele ya Mama. Mtu anakaribishwaje hivyo? Hata mgeni wa kawaida humwekei sahani tupu.

Nilienda kwa Anyango. Flashi haikutoka nyumbani, shangazi watulie. Ilikuwa shingoni mwangu, na mimi ni wa nyumbani. Anyango hakutaka kuniona, lakini mashini zake zimeshasafishwa, na aliona kichwa changu kilichonyolewa akalainika. Safari hii nilifuata usalama wote. Nilimwomba aipime CD kwanza: haina virusi. Tukaipima flashi: haina virusi. Nilisoma mwisho wa kila jina, hakuna exe hata moja, zote ni picha. Sikubofya chochote nisichokijua. Anyango mwenyewe alikiri kwamba nimejifunza.

Kisha nikazinakili zote. Ziliingia vizuri, moja baada ya nyingine, bila hata hitilafu. Palibaki nafasi kidogo mwishoni, nikaongeza nyimbo za kwaya mpaka ikakataa. Nikaenda kwenye lile duara. Lote buluu! Hakuna waridi hata chembe. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Ninajua Kemboi alisema asilime mtu juu yake. Nimelifikiria sana hilo, sikulipuuza. Alikuwa anazungumzia vitu vipya, vitu vya nje. Mimi sikuweka kitu cha nje. Ni Sally yule yule.

Mama amevaa kitambaa chake kipya, amekaa mlangoni, kiti cha Kemboi amekipangusa mara mbili. Ameniuliza kama kweli leo atamuona. Nimemwambia atamuona, zaidi ya mara mia tatu. Amecheka kidogo akafuta macho. Kemboi ndiyo huyo anakuja kwa lango, begi la kompyuta begani, anakwepa madimbwi. Natoka kumpokea, flashi iko tayari mkononi.